Kidhibiti kipi kinafaa kwa taa za pikseli 1,400 zinazofuata nyimbo za kwaya?

Bi_Kamati (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Kamati ya mapambo ya parokia yetu imenikabidhi usimamizi wa taa za Krismasi za mwaka huu. Miaka iliyopita tulikuwa tukifunga taa za kawaida zinazowaka na kuzima zenyewe, lakini safari hii tumekubaliana kuweka taa za pikseli, ambazo kila moja huamriwa rangi yake peke yake, na tunataka ziende sambamba na nyimbo za kwaya yetu ambazo tayari zimerekodiwa.

Pikseli zimeshanunuliwa. Ni zile za umbo la risasi, za volti 12, zenye chipu ya WS2811, na mgawo wake ni huu: kingo za paa pikseli 300, madirisha sita ya mbele pikseli 70 kila moja, msalaba pikseli 80, na mti wa taa uwanjani wenye minyororo 12 ya pikseli 50, yaani 600. Jumla ni 1,400. Kidhibiti ninatarajia kukiweka katika chumba cha mitambo ya sauti kilicho karibu na mlango mkuu, ambako dirisha la kwanza liko umbali wa mita sita hivi. Mti uko mbali zaidi, kiasi cha mita 25.

Kilichonikwamisha ni kidhibiti chenyewe. Kariakoo nimeonyeshwa kimoja kinachosoma kadi ya SD, vijibao vya ESP32 vyenye Wi-Fi, na nimeambiwa pia kwamba wapo wanaotumia Raspberry Pi. Bei zinatofautiana sana, na muuzaji hakuweza kunieleza tofauti nyingine zaidi ya hiyo ya bei. Ninaomba kuelezwa ni kipi kitatosha, kama ninahitaji kimoja au kadhaa, na ni nini hasa kinachofanya taa na muziki visiachane wimbo ukifika katikati.

---

Fundi_Mwangaza (Arusha)

Dada, jina la kidhibiti lije mwisho. Tuanze na hesabu, kwa sababu vidhibiti vingi vinavyouzwa kwa maelezo ya "pikseli elfu mbili" huweza kuziwasha zote, lakini haviwezi kuzibadilisha kwa kasi ambayo wimbo unaitaka.

Chipu ya WS2811 hupokea data kwa kasi ya kilohezi 800, na kila pikseli huhitaji biti 24, nane kwa kila rangi. Hiyo ni mikrosekunde 30 kwa pikseli moja. Data huingia kwenye pikseli ya kwanza, nayo huchukua fungu lake na kupitisha yaliyobaki kwa jirani, kama sinia linavyopitishwa mkekani, hadi pikseli ya mwisho ipate haki yake. Kwa hiyo mnyororo wa pikseli 800 unahitaji milisekunde 24 ili uamriwe mara moja. Ukitengeneza mfuatano wa taa (faili la amri za rangi za kila pikseli) wenye fremu za milisekunde 25, yaani fremu 40 kwa sekunde, pikseli 800 ndizo kikomo cha tundu moja la kidhibiti. Kwa fremu za milisekunde 50 unaweza kufika kama 1,600, lakini kwenye midundo ya haraka ya ngoma utaanza kuona taa zinakwenda kwa hatua badala ya kutiririka. Pikseli zako 1,400 haziwezi kukaa kwenye tundu moja kwa fremu za milisekunde 25, ila zingetosha kwenye matundu mawili.

Hata hivyo, mimi nisingetumia mawili. Ningetumia manane, na sababu yangu ni umeme na matengenezo. Msimu huu ni wa mvua za vuli, na siku pikseli moja ikiingia maji mnyororo wote unaofuata baada yake hufa. Ni afadhali yafe madirisha matatu kuliko uso mzima wa kanisa. Mgawo ninaoupendekeza ni kingo za paa kwenye matundu mawili (150 na 150), madirisha kwenye mawili (210 na 210), msalaba kwenye lake, na mti kwenye matatu yenye minyororo minne minne, yaani pikseli 200 kila moja.

Sasa umeme. Pikseli ya aina hiyo ikiwaka nyeupe kamili huvuta hadi miliampea 60 hivi. Zidisha kwa 1,400 upate ampea 84, ambazo kwa volti 12 ni zaidi ya wati 1,000. Usiogope, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu anayewasha pikseli kwa mwanga kamili usiku. Asilimia 30 inatosha na hata kuzidi, na hapo unashuka hadi karibu ampea 25. Pawa saplai ya kawaida ya wati 350 kwa volti 12 hutoa ampea 29, lakini usiikamue zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake kwa saa nyingi katika joto la Dar, yaani ampea 23 hivi. Kwa hiyo utahitaji mbili: moja ya jengo, itakayobeba takriban ampea 14 na nusu, na nyingine kwenye mti, itakayobeba karibu 11.

Kikomo hicho cha asilimia 30 kiweke ndani ya kidhibiti chenyewe, usikiache kwenye mfuatano wa taa. Siku ya majaribio mtu atabonyeza kitufe cha kuwasha nyeupe kote, na kitufe hicho hakijui lolote kuhusu mfuatano wako. Juu ya hapo weka fyuzi ya ampea 5 kwenye kila tundu: pikseli 210 kwa asilimia 30 huvuta chini ya ampea 4, na kwa mwanga kamili zingevuta zaidi ya 12, kwa hiyo mambo yakienda mrama fyuzi itakatika kabla waya haujayeyuka.

Baada ya hayo yote ndipo ninapotaja kifaa. Chukua ubao mmoja wa matundu manane unaopandishwa juu ya kompyuta ndogo ya BeagleBone au Raspberry Pi na kuendeshwa na programu ya Falcon Player, ambayo wengi huiita FPP. Programu hiyo ni ya bure, na katika mpango kama wako hucheza wimbo na kutoa data ya taa kutoka kwenye kifaa kimoja, vyote vikifuata saa moja ya ndani. Swali lako la taa na muziki kuachana linaisha hapo hapo, kwa kuwa hakuna vitu viwili vya kuachana. BeagleBone ninaipendelea kidogo, kwa sababu ndani ya prosesa yake kuna viprosesa viwili vidogo visivyoingiliwa na mfumo wa Linux, na hivyo ndivyo vinavyohesabu mikrosekunde za WS2811 kwa minyororo mingi kwa wakati mmoja bila kuyumba.

Mfuatano wenyewe utautengeneza kwenye kompyuta kwa kutumia programu ya xLights, nayo ni ya bure. Kompyuta ya kwaya itahitajika kwa kazi hiyo tu, na usiku wa onyesho inaweza kubaki nyumbani.

---

Taa_za_Luthuli (Nairobi)

Nakubaliana na hesabu za Fundi, ila naona anampeleka dada huyu kwenye gharama kubwa bila kumpa nafasi ya kuchagua. Hapa Nairobi nimefunga taa kwenye kumbi za harusi kwa kutumia ESP32 zenye programu ya WLED, na kazi ilionekana. WLED hupokea data ya taa kwa itifaki za mtandao za E1.31, Art-Net na DDP, kwa hiyo xLights au FPP huzungumza nayo bila shida yoyote. Unaweka kijibao kimoja kwenye paa, kimoja kwenye madirisha na kimoja kwenye mti, vyote kwa Wi-Fi, na huhitaji kuvuta kebo ya mita 25 kukatiza uwanja.

Vile vidhibiti vya kadi ya SD, kama T-1000S, navyo si vya kudharauliwa. Kimoja kinabeba pikseli 2,048, hakina haja ya mtandao, na stima ikirudi baada ya kukatika kinaendelea chenyewe bila kuulizwa. Nauliza kwa nia njema: kwa kanisa moja, kwa wiki chache za Desemba, kwa nini haya yasitoshe?

---

Mchaga_Minnesota (Marekani)

Ndugu yangu wa Luthuli, kwa ukumbi wa harusi ambapo taa zinapamba tu, nisingekupinga hata kidogo. Ila dada ameomba kitu kingine, yaani taa zifuate wimbo.

T-1000S haijui kwamba kuna wimbo. Hufungua faili iliyo kwenye kadi na kuicheza kwa kasi iliyopangiwa, kwa saa yake ya ndani, huku muziki ukichezwa na kifaa kingine kwa saa yake. Hata ukivibonyeza viwili hivyo kwa wakati mmoja, hakuna kinachomwambia mwenzake amefika wapi, na tofauti ndogo ya kasi hujilimbikiza kadiri onyesho linavyoendelea. Kwa mapambo yanayozunguka bila muziki ni kifaa kizuri na cha bei nafuu, na pengine kingefaa kwa ukuta wa nyuma wa kanisa ambao hakuna anayekaa kuutazama.

ESP32 ni suala jingine, nami sizikatai. Ninakataa Wi-Fi. E1.31, Art-Net na DDP zote husafiri kwa UDP, ambamo pakiti ikipotea haitumwi tena. Nyumbani kwako jioni hutaona tatizo, lakini usiku wa mkesha, watu mia kadhaa wakisimama uwanjani na simu mfukoni, kila simu ikiutafuta mtandao wake, hewa hujaa na mti wako utaganda kwa nusu sekunde, kisha uruke. Mambo huwa mabaya zaidi ukiiacha E1.31 katika hali ya maltikasti, yaani data kurushwa kwa kundi zima la vifaa kwa pamoja, kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani hurusha maltikasti kwenye Wi-Fi kwa kasi yao ya chini kabisa. Atakayelazimika kutumia Wi-Fi atumie yunikasti, yaani data itumwe kwenye anwani ya IP ya kifaa kimoja kimoja. Na atakayependa ESP32 atafute bao zenye tundu la Ethaneti, kama WT32-ETH01, ambayo WLED inaitambua. Kebo ya Ethaneti inafika mita 100.

Ipo njia ya tatu, nayo FPP huiita MultiSync. Kila kifaa hubeba nakala yake ya mfuatano, na kifaa kikuu hutuma vijipakiti vya wakati tu: sasa tuko sekunde fulani, fremu fulani. Kijipakiti kimoja kikipotea hakuna anayeona, kwa kuwa kinachofuata kitasahihisha. Wenye maonyesho yaliyotawanyika sehemu nyingi hutumia njia hiyo. Kwa pikseli 1,400 mbele ya jengo moja, ubao mmoja wa Fundi ndio jibu, na ninasema hivyo nikijua kwamba bei yake inauma.

Nigusie sauti, kwa sababu watu husumbuka na taa wiki nzima na kusahau upande huo. Huku Marekani wengi hurusha muziki kwa kisambaza redio kidogo cha FM, watazamaji wakabaki ndani ya magari yao na kusikiliza redioni. Ninyi mna spika za kanisa, kwa hiyo usiige hilo. Kurusha matangazo ya FM ni jambo la kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Toa sauti kwa waya kutoka kwenye kifaa cha FPP hadi kwenye mixa. Usipitishe kwenye spika ya Bluetooth, kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi ambacho jicho linakitambua, na ucheleweshaji wenyewe haukai kiwango kimoja. Kumbuka pia kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 30 kutoka kwenye spika huisikia ngoma ikiwa imechelewa kwa karibu milisekunde 90, ambazo ni zaidi ya fremu tatu za milisekunde 25. Simama pale waumini wengi watakaposimama, halafu rekebisha tofauti ya sauti na taa kwenye mipangilio ya FPP ukiwa hapo hapo, wala si ukiwa ndani ya chumba cha mitambo.

---

Taa_za_Luthuli (Nairobi)

Hoja ya simu za watu nimeipokea. Kwenye kumbi nilizofunga, wageni huwa ndani na ruta iko dari, kwa hiyo sikukutana na hali hiyo.

Niongeze tahadhari moja kuhusu pawa saplai. Nyingi za wati 350, kwa mfano Mean Well LRS-350, zina swichi ndogo ya kuteleza ubavuni, ndani ya tundu jembamba, inayochagua volti 115 au 230. Itazame kwa tochi kabla hujaunganisha waya wowote. Ikiwa iko kwenye 115 nawe ukaichomeka kwenye umeme wa kwetu, haitakupa nafasi ya pili.

---

Bi_Kamati (Dar es Salaam)

Nawashukuru nyote. Kamati imekubali ubao wa matundu manane juu ya BeagleBone, nao umefika. Swichi za pawa saplai zote mbili nilizikuta kwenye 115, kwa hiyo ndugu wa Luthuli ameokoa fedha za parokia.

FPP imewekwa, xLights inaiona, na nimeanza kujaribu tundu la madirisha juu ya meza kwa mwanga kamili na bila fyuzi ya ampea 5, kwa kuwa nilitaka kuona hali mbaya kabisa itakuwaje. Pikseli 70 za dirisha la kwanza zinawaka safi. Nikiunganisha dirisha la pili kwa waya wa mita nne niliouunga kwa konekta za skrubu, yanatokea mambo mawili. Kwanza, nikiamuru nyeupe, dirisha la pili linaanza jeupe na kuelekea manjano kadiri ninavyokwenda mwisho. Nimepima volti 11.9 mwanzoni mwa mnyororo na 9.4 mwishoni. Pili, hata kwa rangi moja hafifu, pikseli za dirisha la pili humetameta rangi nisizoziamuru, nyakati nyingine zote kwa mara moja. Aidha, nikiamuru nyekundu zinawaka kijani, ila hilo linatokea kwenye madirisha yote.

Kuhusu mti, sijaelewa data itafikaje mita 25, na kama waya hasi wa pawa saplai zote mbili unapaswa kuunganishwa au la.

---

Fundi_Mwangaza (Arusha)

Jaribio hilo lifanye kwa fyuzi, dada. Pikseli 140 kwa mwanga kamili ni zaidi ya ampea 8 zikipita kwenye waya mwembamba wa mnyororo, na meza ya mbao ni kuni. Hata hivyo umetupatia vipimo vizuri, maana umeeleza magonjwa matatu tofauti ambayo mara nyingi watu huyachanganya na kuyaita moja.

La nyekundu kuwa kijani ni jepesi. Watengenezaji hawaupangi mpangilio wa rangi kwa namna moja. Wengine huanza na nyekundu, wengine na kijani. Badilisha mpangilio kutoka RGB kwenda GRB kwenye mipangilio ya tundu hilo, usiuguse mfuatano.

Nyeupe inayoelekea manjano ni umeme kushuka njiani. Buluu huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo ndiyo hudhoofika mwanzo volti zikipungua, na nyeupe isiyo na buluu ni manjano. Kwa asilimia 30 tatizo litapungua sana, lakini kwenye tundu lenye madirisha matatu ingiza umeme upya mwanzoni mwa dirisha la tatu. Vuta jozi ya waya mnene zaidi kutoka kwenye pawa saplai ile ile, kupitia fyuzi yake, uunganishe chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Data iache ipite kama kawaida.

Kumetameta ni ugonjwa wa data, na hapo ninaishuku konekta ya skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Kila pikseli huipima data kwa kulinganisha na waya wake hasi. Hasi ikiwa na kiungo kilicholegea, umeme unaopita hapo huinua volti ya hasi upande wa pili, na data iliyokuwa volti 5 inaonekana pungufu kwa pikseli inayofuata, nayo inasoma biti kimakosa. Ndiyo maana zote humetameta kwa pamoja: pikseli ya kwanza ya dirisha la pili inaposoma vibaya, huzipitishia zinazoifuata makosa yale yale. Ondoa waya wa mita nne, unganisha madirisha mawili moja kwa moja, kisha tazama. Yakitulia, kosa liko kwenye kiungo au kwenye urefu wa waya. Lehemu viungo vyote vitatu na uvifunike kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Ikiwa bado, weka pikseli moja katikati ya ule waya kama ya kupokezana, kwa sababu kila pikseli huitoa data upya ikiwa safi, halafu uiarifu FPP kwamba pikseli hiyo haihesabiki ili dirisha lisisogee kwa taa moja. Na kama kumetameta kutabaki hata madirisha yakiwa yameunganishwa moja kwa moja, kata pikseli ya mwisho ya dirisha la kwanza pamoja na ya kwanza ya dirisha la pili, kwa kuwa huwezi kujua kwa macho kama aliyekosea ni anayetoa au anayepokea.

Tuje kwenye mti. Data ya pikseli inayotoka kwenye ubao kwa waya wa kawaida haina nguvu ya kufika mita 25. Baada ya mita tano hadi kumi hali huanza kutegemea bahati. Ninachoshauri ni kipokezi cha data kwa jozi. Ubao wako, kama ulivyo mwingi wa aina hiyo, unapaswa kuwa na tundu linalofanana kabisa na la Ethaneti, ambalo hutoa data ya minyororo minne, kila mmoja kwa jozi yake ya waya uliosokotwa, kwa njia ile inayotumiwa na RS-485. Unavuta kebo ya Cat5e hadi kwenye kisanduku cha mti, unaichomeka kwenye kipokezi, nacho kinairudisha data kuwa ya kawaida sentimita chache tu kutoka kwenye pikseli. Mti una matundu matatu, kwa hiyo linabaki moja la akiba. Bandika alama nyekundu kwenye tundu hilo la ubao leo hii. Si Ethaneti, na mtu akichomeka humo kebo inayotoka kwenye ruta au swichi ya mtandao anaweza kuunguza upande mmoja au zote mbili.

Hasi ya pawa saplai ya mti iunganishwe na hasi ya kipokezi na ya minyororo yote ya mti. Hasi za jengo nazo ziwe pamoja. Chanya za pawa saplai mbili usiziunganishe kamwe. Popote ambapo mnyororo wa saplai moja unakutana na wa nyingine, kata waya wa chanya na uache hasi na data.

Kisanduku cha mti kikae juu ya tofali, matundu yote ya waya yawe upande wa chini, na utoboe kijitundu kidogo chini kabisa cha kutolea maji, kwa sababu hata kisanduku kilichozibwa vizuri hutoa jasho ndani usiku ukipoa. Plagi ya umeme wa volti 230 inayokwenda uwanjani ipitie kikata umeme cha uvujaji cha miliampea 30, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni. Watoto watauzunguka mti huo.

---

Mchaga_Minnesota (Marekani)

Fundi amemaliza upande wa waya. Mimi naongeza upande wa mtandao na wa saa.

Ipe BeagleBone anwani ya IP isiyobadilika. Ukitumia Wi-Fi kwa ajili ya kuisimamia na Ethaneti kwa jambo jingine, ziwe kwenye mitandao miwili yenye namba tofauti, kwa mfano 192.168.10 na 192.168.50, kwa sababu zikiwa kwenye namba moja kifaa hakitajua data ipite mlango upi. Kwa kuwa pikseli zote ziko kwenye ubao ule ule, huna haja ya kuhangaika na yunivasi, yaani mafungu ya chaneli. Ungekuwa na kidhibiti cha E1.31, chaneli zako 4,200 (tatu kwa kila pikseli) zingegawanywa kwa pikseli 170 kwa kila yunivasi ya chaneli 512, na ungehitaji yunivasi tisa. Sasa acha xLights ihesabu chaneli yenyewe na kuzipeleka FPP pamoja na mpangilio wa matundu, kisha usihariri namba hizo kwa mkono upande wa FPP, la sivyo utakapopeleka tena zitafutika.

Jambo ambalo hamjaligusa ni umeme kukatika. Kadi ya SD huharibika kirahisi umeme unapokatika kifaa kikiwa kinaandika, kwa hiyo iweke BeagleBone pekee, si pikseli, kwenye UPS ndogo, na utunze nakala ya pili ya kadi ikiwa tayari ndani ya bahasha. Pia angalia salio la Luku kabla ya kila onyesho. Linasahaulika kuliko unavyodhani.

Zaidi ya hapo, BeagleBone haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika kwa muda mrefu kuliko UPS inavyoweza kuhimili, na chumba cha mitambo kikiwa hakina intaneti, kifaa kitarudi kikiwa na tarehe isiyo sahihi, na ratiba uliyoiweka ianze saa moja na nusu jioni haitaanza, au itaanza waumini wakiwa katikati ya misa ya asubuhi. Tazama kwenye ubao wako kama kuna chipu ya saa ya DS3231 au ya jamii hiyo yenye betri ya kidonge. Kama ipo, ichague kwenye mipangilio ya wakati ya FPP, weka ukanda wa saa kuwa Africa/Dar_es_Salaam, kisha ufanye jaribio hili: chomoa kebo ya mtandao, zima kila kitu pamoja na UPS, subiri dakika chache, washa tena na usome saa kwenye ukurasa wa FPP kabla hujagusa chochote.

---

Bi_Kamati (Dar es Salaam)

Chipu ipo, lakini kitako cha betri kilikuja kitupu. Konekta ya skrubu ilikuwa imelegea upande wa hasi kama Fundi alivyosema. Nimelehemu viungo vyote vitatu na kumetameta kumekwisha. Kesho napitia Kariakoo kutafuta betri ya kidonge, mpira wa kusinyaa na kipokezi cha mti, na Jumamosi vijana wa parokia wanapanda paani.